Mi alzo, mi lavo, mi vesto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vitenzi vya kujirejea katika Kiitaliano

Malindi na Watamu, Kiitaliano si lugha ya mbali. Waitaliano walijenga kituo chao cha kurushia satelaiti kwenye Ghuba ya Ngwana miaka ya 1960, na satelaiti ya San Marco 2 iliruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967. Baadaye wakaja watalii, wenye mahoteli na wenye nyumba za likizo. Vijana wengi wa ufukweni wamekiokota Kiitaliano kwa masikio tu, na wanakisema vizuri mno, mpaka mtu awaambie: "Hebu nieleze siku yako inavyokwenda tangu asubuhi." Hapo ulimi unakwama. Kuamka, kunawa, kuvaa, kukaa, kupumzika: karibu vyote vinadai kile kijineno *mi, ti, si*. Nafundisha Kiitaliano, na haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila darasa jipya linapoanza.

Kitenzi cha kujirejea ni kitu gani?

Ni kitenzi ambacho tendo linamrudia aliyelitenda. Kwenye kamusi utakijua kwa mkia wake, *-si*: *lavarsi, mettersi, vestirsi*. Unapokitumia, ule mkia unang'oka, unabadilika kufuatana na nafsi, kisha unakwenda kukaa mbele ya kitenzi. Kitenzi chenyewe kinanyambuliwa kama kawaida yake:

*mi lavo, ti lavi, si lava, ci laviamo, vi lavate, si lavano*

*mi metto, ti metti, si mette, ci mettiamo, vi mettete, si mettono*

*mi vesto, ti vesti, si veste, ci vestiamo, vi vestite, si vestono*

Hakuna cha zaidi kwenye umbo. Kimoja tu cha kuangaliwa mapema ni *sedersi*, kukaa, kwa sababu unakitumia kila siku na hakifuati mstari: *mi siedo, ti siedi, si siede, ci sediamo, vi sedete, si siedono*.

Kwa hiyo *si* ni ile -ji- yetu?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu langu ni kwamba mara nyingi siyo. Ukiambiwa *lavarsi* ni kujiosha, sawa. Lakini endelea na orodha. *Svegliarsi* ni kujiamsha? Hakuna anayesema "leo nimejiamsha saa 11", labda awe anasisitiza kwamba hakuamshwa na mtu. Tunasema nimeamka. *Vestirsi* si kujivisha, ni kuvaa. *Sedersi* si kujikalisha, ni kukaa. Mwanafunzi anayetafuta -ji- ndani ya kila sentensi ya Kiswahili ili ajue wapi aweke *mi* atapotea kabla hajafika kwenye chai ya asubuhi.

Tazama badala yake jozi hizi za Kiswahili: amka na amsha, vaa na visha, lala na laza, simama na simamisha, choka na chosha. Neno tupu ndilo linalomhusu mtu na mwili wake mwenyewe. Ukitaka kumfanyia mwingine, unaongeza kitu: -sha, -za.

Kiitaliano kinaanzia upande wa pili. Kwao neno tupu ni la kumfanyia mwingine: *svegliare* ni kuamsha, *vestire* ni kuvisha, *fermare* ni kusimamisha, *stancare* ni kuchosha. Wakitaka tendo libaki kwa mwenyewe, ndipo wanapoongeza: *svegliarsi* kuamka, *vestirsi* kuvaa, *fermarsi* kusimama, *stancarsi* kuchoka. Sisi tunalipia nyongeza tunapomgusa mwenzetu, wao wanalipia wanapojigusa wenyewe.

Weka asubuhi ya mama mmoja kwenye mizani uone:

*La mamma si sveglia alle cinque e poi sveglia i bambini. Si veste e poi veste il più piccolo.*

Mama anaamka saa 11 alfajiri kisha anawaamsha watoto. Anavaa, kisha anamvisha yule mdogo.

Penye amka pana *si*. Penye amsha hapana. Sheria hii hainiangushi mara nyingi darasani, na inafika hata kwa vitu visivyo na roho: *rompere* kuvunja, *rompersi* kuvunjika, *aprire* kufungua, *aprirsi* kufunguka. Kwa hiyo jiulize: je, kitenzi changu cha Kiswahili kina ndugu yake wa kumfanyia mwingine? Kama kipo, jaribu kwanza *-si* kwa yule wa kujifanyia.

Na zipo sehemu ambapo -ji- inakaa sawasawa: *prepararsi* kujiandaa, *truccarsi* kujipodoa, *asciugarsi* kujifuta maji, *guardarsi allo specchio* kujitazama kiooni, *farsi male* kujiumiza. Hizo zichukue kama zawadi.

Nimezoea kusema *mi alzo*, *mi lavo*. Mbona nikisema *mi mangio* nasahihishwa?

Kwa sababu umeisikia *mi* kwa sikio la Kiswahili. Mitaani tunasema "mi naamka", "mi nala", "mi sitaki", na *mi* yetu ni mimi. Inagongana na ya Kiitaliano kwa sadfa tu. *Mi alzo* ukiisoma "mi naamka" inatoa maana sahihi, basi unaamini umekwisha ielewa. Kisha unaipeleka kwenye kula, kunywa na kwenda, na hapo inakataa.

*Mi* ya Kiitaliano haimaanishi mimi mtendaji. Mtendaji ni *io*, na mara nyingi hatajwi kwa sababu mwisho wa kitenzi unamtaja, kama vile *na-* inavyotosha katika "naamka". *Mi* ni yule anayefikiwa na tendo, kama *-ni-* katika "ananiona". Ukitaka kuhakikisha, sema sentensi nzima: *Io mi alzo.* *Io* ni mimi, *mi* ni yule anayeinuliwa, na *alzo* ni tendo.

Kosa hilohilo linazaa jingine katika kukanusha. Kwa Kiswahili "mi siamki mapema", *mi* inatangulia, kukana kunafuata. Wanafunzi wakasema *mi non alzo*. Kwa Kiitaliano *non* inatangulia vyote: *Non mi alzo presto.*

Na kuna mtego wa tatu, wa macho. *Si* kwetu ni kukana: si mimi, si kweli. Msomaji anaiona *si lava* na kichwa kinamwambia "haogi", kumbe anaoga. Haogi ni *non si lava*. Na *sì* yenye alama juu ni ndiyo. Alama hiyo usiiache unapoandika.

Kwa nini nakosea na kusema *io si chiamo* badala ya *mi chiamo* (naitwa)?

Kwa sababu -ji- haibadiliki. Najiona, unajiona, tunajiona, wanajiona: ni -ji- ileile kwa watu wote. Mtu aliyekua na kiambishi kisichobadilika anachukua *si* ya kwenye kamusi na kuibandika kila mahali. Kiitaliano kina vijineno sita, ingawa *si* inarudi mara mbili: *mi, ti, si, ci, vi, si*. Viimbe kama watoto wa chuoni wanavyoimba alifu kwa kijiti, hadi vitoke bila kufikiri. *Ci* itamke "chi".

Kuna tofauti gani kati ya *svegliarsi* na *alzarsi*?

*Svegliarsi* ni usingizi kukutoka, macho yanafunguka. *Alzarsi* ni kuinuka, miguu inagusa sakafu. Kwetu "nimeamka" inabeba yote mawili. Muitaliano anayatenga: *Mi sveglio alle cinque e mezza ma mi alzo alle sei.* Nusu saa yote hiyo yumo kitandani, macho wazi. Katika kutamka, *gli* inakaribia "lyi", na *s* kabla ya *v* inasikika kama z: zvelyo.

Saa nizihesabu vipi?

Toa sita, au ongeza sita, na usikose. Saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza, saa ya Kiitaliano inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 12 asubuhi ni *le sei*. Saa 1 asubuhi ni *le sette*. Saa 7 mchana ni *l'una*, na kati ya saa zinazotajwa kwa namba hiyo peke yake iko katika umoja: *all'una*, si *alle una*. Saa 6 mchana ni *mezzogiorno*, saa 6 usiku ni *mezzanotte*.

Naisisitiza kwa sababu nimeona gharama yake. Jirani yangu mmoja anapeleka wageni kwa boti kutazama samaki kwenye hifadhi ya bahari ya Watamu. Jioni moja alipatana na familia ya Waitaliano, akawaambia *Ci vediamo alle dodici*. Kichwani mwake ilikuwa saa 12 asubuhi, bahari ikiwa shwari na maji yakiwa ya kutosha. Akakaa ufukweni tangu alfajiri, injini iko tayari, chupa za maji zimepangwa. Wageni walifika jua la utosi, taulo mabegani, wakati maji yameshakupwa na boti imelala upande juu ya mchanga. Hakuna aliyedanganya. Sarufi yake ilikuwa safi kabisa, *ci vediamo* bila dosari. Kilichoangusha ni saa.

Kunawa mikono ni *mi lavo le mie mani*?

Hapana: *Mi lavo le mani.* Kile *mi* kimeshasema mikono ni ya nani. Na sisi hatusemi "nanawa mikono yangu", tunasema nanawa mikono. Basi fuata mazoea yako ya Kiswahili, weka tu *le, i, la* panapohusika: *mi lavo la faccia* nanawa uso, *mi lavo i denti* napiga mswaki, *mi pettino i capelli* nachana nywele, *mi faccio la barba* nanyoa ndevu. Hata *mi sono tagliato i capelli* inafanana na "nimenyoa": kila mtu anaelewa kwamba kinyozi ndiye aliyeshika mashine.

Kiswahili kimegawa maji kwa undani kuliko Kiitaliano. Tuna kuoga mwili mzima, kunawa uso na mikono, kuosha vyombo, kufua nguo, kutawadha kwa ajili ya swala. Kiitaliano kinatumia *lavare* kwa karibu vyote, kisha kinataja kinachooshwa. Kuoga hasa wanasema *farsi la doccia* au *fare la doccia*, ya bombani, na zote mbili ni sahihi.

*Fare il bagno* inahitaji tahadhari. Nyumbani ni kuoga kwenye beseni kubwa, lakini ufukweni ni kuingia baharini kuogelea. Mgeni akikuuliza *Oggi si può fare il bagno?* hatafuti bafu. Anauliza kama bahari leo inaogeleka. Mjibu kuhusu mawimbi na mwani.

Kuvaa ni *vestirsi*, *mettersi* au *portare*?

*Vestirsi* ni kuvaa kwa jumla, bila kutaja nguo. *Mettersi* ni kuvaa kitu fulani: *mi metto la camicia*. *Portare* na *indossare* ni kuwa umevaa. Kiswahili kinakusaidia hapa kwa wakati: "navaa shati" ni *mi metto la camicia*, "nimevaa shati jeupe" ni *porto una camicia bianca*.

Kuvua ni *togliersi*, na umbo lake la nafsi ya kwanza lina herufi zilizogeuzana: *mi tolgo*, lakini *ti togli, si toglie*. Sentensi moja ihifadhi kama ilivyo, kwa sababu pwani utaihitaji kila mgeni anapofika mlangoni: *Si tolga le scarpe, per favore.* Tafadhali vua viatu.

Kila kitu cha kila siku kinataka *mi*?

La. Kula, kunywa, kutoka, kurudi, kupika, kufanya kazi, kulala: vyote vinakwenda vitupu. Soma maneno haya ya mwanamke anayefanya kazi kwenye jiko la hoteli:

*Mi sveglio alle quattro e mezza, ma mi alzo alle cinque meno un quarto. Mi lavo, mi vesto e mi metto il velo. Faccio colazione con tè e mandazi, poi esco. Alle due torno a casa, mi tolgo le scarpe, mi siedo un po' con mia madre e mi riposo. La sera ceniamo insieme alle otto e mi addormento verso le dieci.*

Anazinduka saa 10 na nusu alfajiri, anainuka saa 11 kasorobo. *Faccio colazione* (nastaftahi), *esco* (natoka), *torno* (narudi), *ceniamo* (tunakula cha usiku): hakuna *mi* hata moja humo. Huwezi kumstaftahisha mtu kwa neno hilohilo *fare colazione*, kwa hiyo hakuna haja ya kutenga nani anafanyiwa.

Utasikia Waitaliano wakisema *mi mangio una pizza*, *mi bevo un caffè*. Hiyo ni lugha ya mazungumzo, yenye ladha ya kujifurahisha, kama "najilia pizza yangu", "najinywea kahawa yangu". Tunayo kabisa kwetu. Lakini ni kikolezo cha baadaye. Kwanza zoea *mangio* na *bevo*.

Kulala je?

Neno letu moja linafunika matatu yao. Kwenda kitandani ni *andare a letto*. Kupitiwa na usingizi ni *addormentarsi*. Kuwa usingizini ni *dormire*, bila kijineno chochote. "Jana nimelala saa 4" inaweza kuwa *sono andata a letto alle dieci* au *mi sono addormentata alle dieci*, kutegemea kama ulikesha ukigeukageuka. "Nimelala saa nane nzima", ikiwa unahesabu muda, ni *ho dormito otto ore*. *Mi dormo* usiseme.

Kwa nini *voglio lavarsi* ni kosa?

Kwa sababu hata mkia unafuata mtu. Kwetu kujiosha ni kujiosha: nataka kujiosha, unataka kujiosha, wanataka kujiosha. Kwao: *voglio lavarmi, vuoi lavarti, vuole lavarsi, vogliamo lavarci, volete lavarvi, vogliono lavarsi*. Kama mkia unakusumbua, uhamishe mbele kabisa: *mi voglio lavare* (nataka kujiosha), *ti devi alzare* (lazima uinuke), *ci possiamo sedere* (tunaweza kukaa). Ni sahihi vilevile, na wengi wa wanafunzi wangu wanaona ni rahisi zaidi kwa sababu mpangilio unafanana na *mi lavo*.

Nikisimulia jana, nitumie *ho* au *sono*?

*Sono*, siku zote, kukiwa na *mi* ya kujirejea. *Mi ho alzato* haipo. Ile jozi ya amka na amsha inarudi hapa ikiwa na faida yake nyingine: kuamsha kunatumia *avere* (ndiyo *ho*), kuamka kunatumia *essere* (ndiyo *sono*). *Ho svegliato i bambini*, nimewaamsha watoto. *Mi sono svegliata*, nimeamka.

Na mwisho wa neno unafuata aliyeamka. Mwanamume *mi sono svegliato*, mwanamke *mi sono svegliata*. Kundi la wanaume, au wanaume na wanawake pamoja, *ci siamo svegliati*. Wanawake watupu *ci siamo svegliate*. Wengi wanalalamika kwamba Kiswahili hakina mambo ya kike na kiume. Kweli, lakini tuna ngeli, na hakuna mtoto wa hapa anayesema "kiti umevunjika". Anasema kiti kimevunjika, viti vimevunjika, mlango umevunjika. Upatanisho umo damuni mwetu. Hapa unabadilika mwisho wa neno badala ya mwanzo, basi.

Ukitaja kiungo, *mi sono lavata le mani* inatosha. Lakini ukiigeuza mikono kuwa kiwakilishi, upatanisho unahamia kwa mikono: *Ti sei lavata le mani? Sì, me le sono lavate.* Zingatia pia *mi* ikigeuka *me* mbele ya *le*.

Na "nilikuwa naamka", ya zamani?

Hiyo ni mazoea ya zamani, na ni rahisi: *mi alzavo, ti alzavi, si alzava, ci alzavamo, vi alzavate, si alzavano*. *Da bambino mi alzavo alle cinque per andare a prendere l'acqua*, nilipokuwa mtoto nilikuwa naamka saa 11 kwenda kuteka maji. Hakuna *sono*, hakuna -o wala -a za kuhangaikia. Kwa mazoea ya sasa, ile *hu-* ya "huamka", tumia wakati uliopo wa kawaida na *di solito* (kwa kawaida) au *sempre* (siku zote).

Kazini hotelini, mgeni mzee nimwambie *ti* au *si*?

*Si*. Mtu usiyemzoea, mkubwa wako, mgeni wa hoteli, unamwita *Lei*, na kitenzi kinakwenda nafsi ya tatu kana kwamba unamzungumzia mwingine. *Come si chiama, signora? A che ora si sveglia domani? Si è riposato bene, signore?* Unaitwa nani, mama? Kesho unaamka saa ngapi? Umepumzika vizuri, bwana? Wakiwa wengi, *vi*: *Vi siete divertiti?* Mmefurahi?

Ninawaambia wanafunzi wasiichukulie kama mapambo. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunajua uzito wa kumpa mkubwa neno lake. Waitaliano wa ufukweni wengi watakwambia mara moja *dammi del tu*, achana na hayo, na ukiruhusiwa ingia kwenye *ti* bila wasiwasi. Lakini asubiriwe yeye aseme. Neno litakalokufaa kuliko yote ni *Si accomodi*: karibu, kaa, jisikie nyumbani. Kwa wengi, *Accomodatevi*.

Mtoto nikimwambia "amka!", "kaa!", nasemaje?

Hapo kijineno kinarudi nyuma na kugandana na kitenzi: *svegliati! alzati! siediti! sbrigati!* (fanya haraka). Kwa wengi *alzatevi, sedetevi*. Sisi sote, *alziamoci*. Kukataza una njia mbili, *non alzarti* au *non ti alzare*.

Kazi ngumu ni mkazo. Kiswahili kinakazia silabi ya pili kutoka mwisho, bila kubabaika, na ulimi wetu unapeleka tabia hiyo kila uendako. Lakini ni *ÀLzati*, *SVÉgliati*, *SIÈditi*, mkazo umebaki pale ulipokuwa kabla *ti* haijagandana. Ukisema *alZÀti* umesema neno jingine, walioinuka. Ni hivyohivyo kwa nafsi ya tatu wengi: *si ÀLzano, si LÀvano, si VÈstono*, na *si PÈTtinano*, ambapo mkazo uko silabi ya nne kutoka mwisho. Nimewasikia watu wenye msamiati mkubwa wakisema *si alZAno*, na mgeni akawaomba warudie. Zisome kwa sauti, ukipiga meza pale penye mkazo.

*Ci vediamo* ni kujiona?

Ni kuonana. Kwetu kujiona ni -ji- na kuonana ni -ana, mambo mawili mbali kabisa. Kiitaliano kinatumia vijineno vilevile kwa yote mawili: *si salutano* wanasalimiana, *si aiutano* wanasaidiana, *si abbracciano* wanakumbatiana, *ci sentiamo domani* tutapigiana simu kesho. *Si guardano* inaweza kuwa wanajitazama au wanatazamana, na muktadha ndio unaoamua. Ukitaka kuondoa shaka ongeza *a vicenda* (kila mmoja kwa mwenzake). Utambue kwamba hii inawezekana kwa wengi tu, maana mtu mmoja hawezi kuonana peke yake.

Dukani pameandikwa *Qui si parla italiano*. Nani anajisemesha?

Hakuna. Hii ni *si* ya mtu yeyote: hapa Kiitaliano kinazungumzwa. *In Italia si cena tardi*, Italia watu hula cha usiku wakiwa wamechelewa. Na ikikutana na kitenzi cha kujirejea, badala ya *si si alza* wanasema *ci si alza*: *In campagna ci si alza presto*, mashambani watu huamka mapema.

Haya yanakuja kwenye mtihani?

Yanakuja mapema. Mitihani inayojulikana zaidi ni CELI ya Perugia na CILS ya Siena, na kueleza siku yako ni jambo la A1, ngazi ya chini kabisa, kabla ya A2 na B1. Masimulizi ya jana, yale ya *mi sono alzata*, yanaingia A2, ambayo ndiyo ngazi inayodaiwa kwa kibali cha ukaazi wa muda mrefu Italia. Kuomba uraia kwa ndoa au kwa ukaazi kunadai B1 tangu mwisho wa 2018. Wanaosahihisha huangalia sana ile -o na -a. Mwanamke anayeandika *mi sono svegliato* hasomeki kama aliyekosea herufi moja, anasomeka kama mwanamume.

*Me ne vado* ni nini, na mbona kuna vijineno viwili?

Ni *andarsene*, na katika Kiitaliano chote sijaona kitenzi kinacholala vizuri hivi juu ya Kiswahili. *Me ne vado*, naenda zangu. *Te ne vai*, unaenda zako. *Se ne va*, anaenda zake. *Ce ne andiamo*, tunaenda zetu. *Ve ne andate*, mnaenda zenu. *Se ne vanno*, wanaenda zao. Ile zangu, zako, zake inabadilika kwa kila mtu, sawasawa na *me, te, se*, na inaleta maana ileile ya kuondoka na kuachana na mahali. Wanafunzi waliohangaika wiki nzima na *si* wanaipata hii kwa dakika tano, na jioni darasa likiisha nasikia mtu anafunga daftari lake na kusema mlangoni: *Me ne vado a letto.* Naenda zangu kulala.